Je, Mwanangu Amekufa Bure?

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hii ya Uganda tumezoea kuombwa kazi ndogo ndogo za lugha. Mmoja atataka tumfasirie barua ya kazi iliyotoka Nairobi. Mwingine atataka tumtungie hotuba ya harusi kwa kuwa wakwe zake watatoka Mwanza. Kazi za namna hiyo hatuzikatai, wala hazitunyimi usingizi. Lakini yako maombi mengine ambayo humfanya mwalimu ajiulize kama kweli anayajua maneno anayoyafundisha kila siku. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za ombi moja la aina hiyo, na za mjadala uliozuka baina yetu, kwani swali lililokuwamo ndani yake halikuwa la lugha peke yake, nasi hata leo hatujakubaliana sote juu ya jibu lake.

Jioni moja, wanafunzi wa darasa la jioni walipokwisha kutawanyika, alitujia mama mmoja wa kijiji kilicho karibu na mji wa Masaka. Alikuwa mzazi wa kijana aliyepata kusoma kwetu kwa muda wa miaka miwili, kijana mpole, mwenye desturi ya kubaki nyuma baada ya kipindi ili aulize maana za maneno. Kutoka kwetu aliingia jeshini. Jeshi likampeleka Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika ambamo askari wa Uganda walianza kutumikia mwezi Machi 2007. Alikaa huko zaidi ya mwaka. Akarudi mzima, bila hata mkwaruzo, akapewa likizo, akapanda teksi mjini Kampala kwenda kumwona mama yake. Alikuwa amekwisha kupita Lukaya, na giza lilikuwa linaanza kuingia, teksi ile ilipoligonga kwa nyuma lori lililoharibika ambalo lilikuwa limeachwa barabarani tangu jana yake. Yeye alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva. Umri wake ulikuwa miaka 24. Katika mfuko wake walikuta kitambaa cha kichwa alichomletea mama, kingali kimekunjwa vile vile kilivyotoka dukani.

Mama huyu alituomba maneno machache ya Kiswahili ya kuchongwa juu ya jiwe la kaburi. Alitaka yawe ya Kiswahili kwa sababu wenzake marehemu, ambao ndio wangekuja kulizuru kaburi, hutoka pande zote za nchi, na lugha yao ya jeshini ni hiyo. Tulimwahidi kwamba tutayatunga. Alipokuwa mlangoni aligeuka, akatuuliza, nusu kwa Kiganda na nusu kwa Kiswahili cha kujikwaa: “Walimu wangu, watu wananiambia mwanangu amekufa bure. Ninyi mnaojua maneno, niambieni. Ni kweli amekufa bure?”

Hatukumjibu. Tulisema tu, “Pole, mama,” naye akaenda zake.

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe, maana ndiyo desturi yetu. Katika Kiswahili kitu cha bure ni kile kinachopatikana bila ya kulipiwa. Na jambo la bure ni lile lililofanywa lisizae tunda. Maana hizi mbili zinakaa katika neno moja kwa amani, na aghalabu hatuoni kuwa zinapingana. Aliyepata kitu bure amepata faida. Aliyefanya kazi bure amepata hasara. Je, yule aliyekufa bure? Wale waliomwambia mama maneno hayo hawakuwa na ubaya moyoni. Walitaka kusema kwamba kijana aliyekwenda kwenye vita na kurudi salama, akaja kufa kwa sababu ya lori bovu, kifo chake hakikununua kitu chochote. Laiti angalifia Mogadishu, wangalisema amenunua amani ya watu fulani, au heshima ya nchi yake. Hapa barabarani amelipa bei ile ile, na mkononi hakurudishiwa kitu.

Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, alitoa shauri mara moja. Alisema tuandike “Shujaa” na jina, basi. Hoja yake haikuwa dhaifu. Mtu anapokula kiapo cha jeshi, alisema, anautoa uhai wake wote kwa mara moja. Haujui utatumika lini wala wapi, kama vile mtu aliyekwisha kuweka nadhiri. Kuanzia siku ile yeye ni mtu aliyejitoa. Risasi ikimpata au isimpate, yeye amekwisha kutoa. Kwa hiyo kumtofautisha aliyekufa kwa bomu na aliyekufa kwa gari ni kupima zawadi kwa namna ilivyopotea, badala ya kuipima kwa moyo wa aliyeitoa.

Mwenzetu wa pili hakukubali. Alisema kwamba neno hilo likitiwa juu ya kila kaburi litakuwa kama sarafu iliyosuguliwa mpaka haina tena sura. Ushujaa, kwa maoni yake, ni jambo linalotendwa. Na mtu aliyekaa katika teksi akisinzia hakutenda jambo. Alimkumbuka Aristotle, ambaye katika kitabu chake cha maadili aliuliza ni katika kifo cha namna gani ndipo mtu jasiri huonekana, akajibu kwamba ni katika kifo cha vitani, si cha ugonjwa wala cha baharini, kwa kuwa vitani ndiko kwenye hatari iliyo kubwa na njema kuliko zote, na ndiko mtu anakopata nafasi ya kutenda. “Basi tumwandikie ukweli,” alisema. “Tuandike kwamba alifariki kwa ajali ya gari. Ukweli hauna aibu.”

Nasi tuliobaki tulijikuta katikati, kama kawaida ya watu wasiopenda kugombana na wakubwa wao.

Lakini mahali penyewe alipofia palitufanya tusiridhike na jibu la mmoja wala la mwingine. Wasomaji wetu waliozaliwa zamani watakumbuka kuwa Lukaya si jina la wauza kuku wa kuchoma na gonja tu, wanaoyakimbilia magari na vijiti vyao mikononi. Tarehe 10 Machi 1979, katika vita vilivyoanza pale majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mgambo ambao hawajapata kupigana, ilitawanywa mahali hapo na makombora ya Katyusha. Upande wa pili walikuwapo askari wa Amin pamoja na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia. Usiku ule brigedi ya 208 ilizunguka kwa nyuma, na alfajiri ya tarehe 11 ikashambulia kutoka upande wa barabara ya Kampala. Walikufa watu wengi kando ya kinamasi kile, hasa wa Libya na wa Uganda. Mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka.

Sasa na tujiulize. Wale vijana wa Libya walikufa kwa risasi, tena vitani, na silaha mikononi, katika hali zote alizozitaka Aristotle. Walikufa katika nchi wasiyoijua, kwa ajili ya mtawala ambaye utawala wake ulikuwa umebakiwa na mwezi mmoja tu. Je, wao hawakufa bure? Kama risasi yenyewe ingalikuwa na uwezo wa kukipa kifo maana, basi wao wangalikuwa nayo kuliko watu wote. Nani katika sisi angethubutu kwenda Libya kumwambia mama mmoja huko kwamba mwanawe alinunua kitu Lukaya? Barabara ni ile ile, kinamasi ni kile kile. Mmoja amekufa kwa bunduki na mwingine kwa lori. Na tukitazama kwa haki hatuoni kwa nini wa kwanza awe na maana kwa sababu ya chuma kilichomuua.

Tena vita vyenyewe si safi kama tunavyovifikiri. Miongoni mwa askari wa Tanzania waliopoteza maisha katika vita vile, si wachache ambao hawakuuawa na adui. Walikufa kwa ajali, na za magari zikiwamo. Hilo si ajabu kwa mtu anayefikiri: jeshi lililotembea kutoka mto Kagera mpaka mpaka wa Sudan lilitembea katika barabara mbovu, usiku, na madereva waliochoka. Huko Kaboya, katika wilaya ya Muleba, ndiko yaliko makaburi ya askari wa vita hivyo, na mnara wenye majina yao. Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai Watanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Hatudhani kwamba mzazi anayesimama mbele ya jina la mwanawe siku hiyo anaulizwa kama lilikuwa bomu au lilikuwa gari.

Waingereza nao walikabiliwa na swali hili, wakalijibu kwa tarehe. Tume yao ya makaburi ya vita, ambayo hata mjini Jinja hapa kwetu inayo makaburi, humhesabu kila askari aliyekufa akiwa katika utumishi baina ya tarehe 4 Agosti 1914 na tarehe 31 Agosti 1921, na baina ya tarehe 3 Septemba 1939 na tarehe 31 Desemba 1947. Awe amekufa kwa risasi, kwa homa, au kwa kugongwa na pikipiki, jiwe ni la namna moja. Twaipenda kanuni hiyo. Ila ni lazima tuseme kwamba usawa wa sababu za kifo waliuweza upesi kuliko usawa wa rangi: mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri katika taarifa yake kwamba Waafrika kwa maelfu na maelfu, wengi wao wapagazi wa vita vya kwanza, hawakuandikwa majina popote. Wapagazi hao, ambao jina la kikosi chao limebaki katika masoko ya Kariakoo na Kariokor, walikufa zaidi kwa kuhara na homa na njaa kuliko kwa risasi. Ushujaa wao ulikuwa wa kubeba mzigo. Lakini tumetoka kidogo njiani.

Basi tulikuwa tumefika mahali ambapo hoja ya “shujaa” ilionekana kushinda, na yule mkubwa wetu alikwisha kuchukua kalamu. Hapo ndipo mwenzetu mwingine, mwalimu wa kike ambaye mpaka wakati huo alikuwa kimya, alipouliza swali ambalo liligeuza mazungumzo yote. Alisema: “Tukimwita shujaa aliyekufa katika utumishi, lile lori tumelipeleka wapi?”

Tulinyamaza. Akaeleza. Lori lile lilikuwa limeharibika tangu jana yake. Wenyewe walikuwa wameweka matawi ya miti barabarani, kama wafanyavyo madereva wa huku wasio na alama za kung’aa, lakini matawi yale yaliondolewa au yalikanyagwa na magari, na hakuna aliyeyarudisha. Taa za nyuma za lori hazikuwaka. Magari mangapi yalilikwepa mchana kutwa, na madereva wake wakashukuru Mungu wakaenda zao? Dereva wa teksi naye alikuwa barabarani tangu alfajiri, kwa kuwa tajiri wake alitaka hesabu kamili ya siku. Na abiria? Abiria walikuwa wamemhimiza aende mbio kwa kuwa usiku unaingia. Neno “shujaa,” alisema, ni kama shuka nyeupe: linamfunika marehemu vizuri sana, na wakati huo huo linayafunika hayo yote.

Na neno “ajali,” alilolitaka mwenzetu wa pili, je, lenyewe ni ukweli mtupu? Hapa walimu wa lugha hatuna budi kusimama. Ajali ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni muda uliowekwa, siku ambayo mtu ameandikiwa kufa. Wazee wa pwani walipolitumia walikusudia hasa hivyo: mauti yaliyokwisha kukadiriwa. Baadaye magari yalipokuja, neno lile lile likachukuliwa kuita kugongana kwa magari, likaja na mzigo wake wote. Ndiyo maana twasema kwa wepesi kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ilifaa sana kwa mtu aliyeangukiwa na nazi. Lakini lori lisilo na taa lina kinga. Kinga yake ni taa. Dereva aliyechoka ana kinga. Kinga yake ni usingizi. Kila tusemapo “ajali” juu ya barabara zetu tunatangaza, pasipo kujua, kwamba mwandishi wa jambo lile ni Mwenyezi Mungu, na kwamba wanadamu waliokuwapo walikuwa watazamaji. Hatusemi haya kwa kuidharau imani ya mtu yeyote. Twasema tu kwamba kadari ni jambo moja na kuacha lori barabarani ni jambo jingine, na lugha iliyozoea kuyaita kwa jina moja inawarahisishia kazi watu wasiostahili kurahisishiwa.

Tena mambo haya si madogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba barabara za ulimwengu huua watu wapatao 1,190,000 kwa mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29 hakuna sababu ya kifo inayozidi hiyo. Hapa Uganda, katika kila mwaka kuanzia 2021 mpaka 2024, polisi waliandika zaidi ya vifo 4,000. Nchi ikipoteza vijana wake kwa hesabu hiyo katika mapigano, ingetangaza kwamba imo vitani, na kila Jumapili wangeombewa.

Kuna wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walioandika mwaka 1976 juu ya bahati katika mambo ya maadili. Nagel alitoa mfano wa dereva wa lori aliyepuuza kidogo breki zake: kama hakuna mtoto aliyekatiza barabara siku ile, atalaumiwa kidogo tu na kusahau; kama mtoto amekatiza, atajilaumu maisha yake yote, ingawa uzembe ni ule ule. Tulipoufikiri mfano huo tuliona kwamba bahati ilikuwa imefanya kazi mara mbili jioni ile Lukaya. Wenye lori walikuwa na uzembe ambao wenzao mia wanao kila siku bila ya kumuua mtu. Bahati ikaugeuza uzembe wao kuwa mauaji. Na kijana yule alikuwa na moyo ambao pengine kule Mogadishu ungalionekana. Bahati ikamnyima mahali pa kuuonyesha. Kwa wale iliongeza, kwa huyu ilipunguza. Sasa mtu mwadilifu afanye nini? Awasamehe wale kwa kuwa ni bahati tu, na huyu amtukuze kana kwamba bahati haikuwapo? Hilo ndilo hasa jiwe la kaburi lenye neno “shujaa” lingalifanya. Kwa maoni yetu jambo la haki ni kuyasema yote mawili kama yalivyokuwa: kwamba huyu alijitoa, na kwamba alinyang’anywa. Alichojitolea na kilichomnyang’anya si kitu kimoja, na hakuna sababu ya kukichanganya kwa ajili ya kutufariji sisi tuliobaki.

Hapo ndipo tulipolijua jibu la mama, au sehemu yake. Uhai wake hakuutoa bure, kwa kuwa kila siku aliyokaa kule Somalia aliutoa, nao ukatumika. Lakini kifo chake kilikuwa cha bure, na ni lazima kibaki cha bure. Tukikitafutia faida, tutakuwa tumewapatia wenye lori udhuru. Yamkini wako watakaosema kwamba jibu hili ni la ukatili kumpa mzazi. Yule mkubwa wetu alisema hivyo hivyo, na hajabadili mawazo.

Ikabaki kazi ya maneno. “Askari” tulilikataa upesi, maana katika miji yetu ya Uganda askari ni yule mlinzi wa usiku anayefungua lango. “Alifariki” ni la heshima, lakini hufariki mtu kitandani. Tukabaki na “aliuawa,” na neno hilo likatuletea ugomvi mpya, kwa kuwa kila mwalimu anajua kwamba kitenzi hicho kinadai mtendaji: aliuawa na nani? Mmoja alisema tuongeze “na lori.” Lakini lori haliui, lilikuwa limesimama. “Na dereva”? Dereva yule naye alikufa, na ana mama yake. Tulikaa na sentensi hiyo isiyo na mwisho siku tatu. Mwishoni tuliamua kuiacha hivyo hivyo, bila ya “na.” Sarufi inaruhusu.

Mama alirudi Jumamosi. Tulimpa karatasi yenye mistari miwili, tukamsomea na kumfasiria kwa Kiganda, tukaogopa kidogo kumtazama. Mstari wa kwanza, chini ya jina na miaka, ulisema: *Mwanajeshi. Alirudi kutoka vitani.* Wa pili: *Aliuawa barabarani akienda kwa mama yake.*

Alikaa na karatasi muda mrefu. Kisha akaanza kusimulia jambo ambalo hatukumwuliza. Alisema kwamba alipokuwa mtoto mdogo, Kiswahili kilikuwa kitu cha kuogopwa. Mwaka 1973 Amin alitangaza kuwa ndiyo lugha ya taifa, lakini kijijini kwao walikijua tangu zamani kama lugha ya watu wenye bunduki, ya vizuizi vya barabarani, ya kuambiwa keti chini na toa vitu. Watoto wakisikia Kiswahili walikimbilia migombani. Halafu mwaka 1979 wakapita askari wengine, nao pia walisema Kiswahili, na wote wakakimbia tena. Ila bibi yake, ambaye miguu haikumwezesha kukimbia, alibaki barazani. Askari mmoja kijana, mwenye vumbi mpaka nyusi, alimpita akamwambia, “Shikamoo, bibi.” Bibi hakujua maana yake. Alidhani ametukanwa. “Mwanangu ndiye aliyenieleza,” alisema mama, “siku aliyotoka darasani kwenu. Alicheka sana.”

Kisha akaweka kidole juu ya neno la kwanza, akauliza kama kweli limeandikwa hivyo, na kama wote huliandika hivyo. Tulimwambia ndivyo. Kwa Kiganda mtoto ni *omwana*, wala hakuhitaji kufasiriwa. Alisema alikuwa hajui kwamba Kiswahili, hata kinapomtia mtu katika jeshi, humwacha bado mwana wa mtu.

Kuhusu mstari wa pili hakusema kitu, ila aliomba afundishwe kuutamka, kwa kuwa watu watakuja na watamtaka awasomee. Lile neno “aliuawa” lilimshinda. Irabu zake zinafuatana vibaya kwa mtu asiyezizoea, na hata wanafunzi wetu wa mwaka wa pili hulivunja. Tuliliandika ubaoni silabi moja moja, kama tunavyowafanyia wanaoanza: a-li-u-a-wa. Alisimama mbele ya ubao akalitamka, akakosea, akalirudia. Nje teksi za Masaka zilikuwa zikiita abiria wa mwisho. Tulimwambia kwamba atachelewa gari, na kwamba si vizuri kusafiri usiku. Akasema anajua, akarudia tena tangu mwanzo.